Treni ya Nishati Mbili na Njia ya Tawi: Somo kwa Wakazi wa Kata Zetu



Somo la toleo hili linahusu usafiri wa reli, na hasa treni ya nishati mbili, yaani treni iwezayo kwenda kwa umeme wa nyaya pale nyaya zilipo, na kwa injini ya dizeli pale zisipokuwapo. Huenda mkazi wa Zinga, Kiromo au Dunda akauliza: jambo hili lanihusu nini, nami sina reli mlangoni? Jibu ni kwamba lamhusu sana, na lamhusu mapema, kabla ya njia yoyote kuchorwa kwenye ramani.

Tarehe 14 Juni 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na tarehe 25 Julai mwaka huohuo zikafika Dodoma. Tangu hapo ni jambo la kawaida kumsikia mkazi wa pwani ya kaskazini akisema: na sisi je, tawi letu litakuja lini? Swali hilo ni la haki. Lakini anayeomba tawi la reli hana budi kujua anaomba nini, kwa sababu reli ikishajengwa haihamishwi kama kituo cha daladala. Kosa la upana, la kivuko au la mahali pa stesheni hudumu kwa vizazi.

Lengo la somo hili ni moja: kumwonesha msomaji kwamba ubora wa treni kwenye njia ya tawi haupimwi kwa injini yake peke yake. Hupimwa kwa njia inayopita, kwa vivuko inavyovuka, kwa jukwaa inaposimama, na kwa usafiri unaompokea abiria anaposhuka.

Pwani yetu kati ya reli mbili

Mji wa Bagamoyo ulikuwa makao ya serikali ya Wajerumani hadi mwaka 1891, makao hayo yalipohamishiwa Dar es Salaam. Reli ya kwanza ya koloni ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Reli ya Kati ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Bagamoyo, mji ulioishi kwa misafara ya wapagazi kutoka bara, ulibaki katikati ya reli hizo mbili bila kuguswa na hata moja. Mzigo uliokuwa ukishushwa ufukweni kwetu ukaenda kushushwa kwenye bandari zenye reli. Hilo ni somo la kwanza: mahali reli inapopita, na mahali isipopita, huamua maisha ya mji kwa miaka mingi.

Mwaka 1963 reli hizo mbili ziliunganishwa kwa njia itokayo Ruvu, kwenye Reli ya Kati, kwenda kaskazini hadi Mruazi, kwenye reli ya Tanga. Njia hiyo hupita magharibi ya mji wa Bagamoyo na kuvuka Mto Wami. Safari za abiria zilisimama kwa miaka mingi, zikarejea hadi Moshi mwezi Desemba 2019 na hadi Arusha mwezi Oktoba 2020, zikivutwa na vichwa vya dizeli.

Kusini mwetu kuna reli ya pili, reli ya kisasa ya SGR. Kati ya Dar es Salaam na Morogoro stesheni zake ni Dar es Salaam, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere na Morogoro. Treni zake huendeshwa kwa umeme wa volti 25,000 upitao katika nyaya za juu, na njia yenyewe imesanifiwa kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa.

Kwa hiyo jina la Ruvu limo katika reli zote mbili. Lakini msomaji aangalie upana. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. SGR ina upana wa milimita 1,435. Treni ya reli moja haiwezi kuingia kwenye reli nyingine, hata ikipewa injini za aina ngapi. Treni ya nishati mbili huondoa kikwazo cha nyaya. Haiondoi kikwazo cha upana. Mtu akikuambia kwamba treni ya aina hii itatoka Dar es Salaam kwa umeme, ifike Ruvu, kisha iendelee kwa dizeli kwenye njia ya mwaka 1963, mwambie kwa upole kwamba jambo hilo haliwezekani. Litawezekana tu kwenye tawi jipya lenye upana wa SGR.

Treni ya nishati mbili hufanyaje kazi?

Watu wengi hudhani kwamba treni ya dizeli na treni ya umeme ni vitu viwili visivyohusiana. Kwa kweli, vichwa vingi vya dizeli vya leo huzungushwa na mota za umeme. Injini ya dizeli huzungusha jenereta, jenereta huzalisha umeme, na umeme huo huzungusha mota zilizo kwenye ekseli za magurudumu. Treni ya umeme hutumia mota za namna hiyohiyo, ila umeme wake hutoka nje: hupokewa na mkono wa chuma ulio juu ya paa, unaoitwa pantografu, ambao hutelezea chini ya waya.

Hivyo basi, treni ya nishati mbili ni treni ya umeme inayosafiri na jenereta yake. Ikiwa chini ya waya, pantografu huinuliwa na injini hunyamaza. Nyaya zikiisha, pantografu hushushwa na injini huwashwa. Abiria huendelea na safari bila kubadilisha behewa.

Faida yake ni bayana. Kuweka nguzo, nyaya na vituo vya kupozea umeme kwenye njia ya tawi yenye treni chache kwa siku ni gharama kubwa. Treni ya nishati mbili huwezesha tawi kuhudumiwa moja kwa moja kutoka njia kuu bila gharama hiyo. Faida ya pili ni kinga dhidi ya hitilafu. Mwaka 2024, muda mfupi baada ya safari za Dodoma kuanza, Shirika la Reli Tanzania (TRC) liliueleza umma kwamba wanyama, wakiwamo ngedere na bundi, waligusa miundombinu ya umeme na treni ikachelewa. Treni yenye jenereta yake huweza kujikongoja hadi stesheni ya karibu pale umeme unapokatika.

Hasara zake nazo zisifichwe. Injini, jenereta na tangi la mafuta ni uzito, na uzito huo hubebwa hata treni inapokwenda kwa umeme. Tena matengenezo huwa ya namna mbili: fundi wa umeme hatoshi, anahitajika na fundi wa dizeli. Na nguvu ya treni hupungua inapotoka chini ya waya, jambo tutakaloliona kwa tarakimu.

Mfano wa kwanza: mashariki ya Uingereza

Mfano mzuri wa treni hizi kwenye njia za tawi unapatikana mashariki ya Uingereza. Mwezi Julai 2019 kampuni ya Greater Anglia ilianza kutumia treni mpya 38 za nishati mbili zilizotengenezwa na kampuni ya Stadler ya Uswisi. Zilichukua nafasi ya treni za dizeli zilizokuwa zimetumika tangu miaka ya 1980 na 1990 kwenye njia za vijijini zinazotoka miji ya Norwich na Ipswich kwenda miji midogo ya pwani na ya bara.

Treni hizo ziko za aina mbili. Yenye mabehewa matatu ya abiria ina injini mbili za dizeli, na yenye mabehewa manne ina injini nne. Kila injini ina nguvu ya kilowati 480. Chini ya waya treni hupata takribani kilowati 2,600. Tufanye hesabu. Injini mbili hutoa kilowati 960, ambazo ni chini ya asilimia 40 ya nguvu za umeme. Injini nne hutoa kilowati 1,920, ambazo ni kama robo tatu. Kasi ya juu iliyoruhusiwa ni kilomita 160 kwa saa kwa nishati zote mbili, lakini muda wa kuifikia kasi hiyo haulingani. Anayesoma kasi ya juu peke yake kwenye tangazo hajaelezwa habari yote. Aulize pia: nje ya nyaya, treni ina injini ngapi?

Jambo lingine la kuzingatia ni mahali nyaya zilipo. Treni itokayo Ipswich kwenda Cambridge huanza safari chini ya nyaya za njia kuu, kisha huendelea kwa dizeli. Hapo nishati mbili zina kazi ya kweli. Lakini itokayo Norwich kwenda Great Yarmouth huenda karibu safari yote nje ya waya, hivyo huwa takribani treni ya dizeli yenye vifaa vya umeme visivyotumika sana. Thamani ya treni ya nishati mbili hutegemea sehemu ya safari iliyo chini ya waya. Sehemu hiyo ikiwa ndogo, huenda treni nyepesi ya dizeli ikafaa zaidi.

Mwanzo wa huduma haukuwa mwepesi. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2019 kulikuwa na matatizo ya ishara na ya kubaini treni ilipo, huduma zikavurugika, na abiria wa baadhi ya njia za tawi wakapandishwa mabasi. Baadaye kasoro zilirekebishwa, na treni hizo zikahesabiwa miongoni mwa zinazotegemewa zaidi nchini humo. Funzo ni kwamba treni mpya isihukumiwe kwa miezi yake ya kwanza, na vilevile mkandarasi asisamehewe kila kitu kwa neno "bado mpya". Mkataba mzuri hueleza mapema muda wa majaribio, na nani atakayelipia mabasi treni isipokuja.

Kivuko cha barabara: mahali penye hatari

Tukio moja la kipindi hicho linastahili kuelezwa peke yake. Tarehe 24 Novemba 2019, katika kivuko cha barabara karibu na mji wa Norwich, vizuizi viliinuka wakati treni ya aina hiyo ikiwa bado inakuja. Magari yakaanza kuvuka. Dereva wa treni alifunga breki, na treni ikapita kivukoni chini ya sekunde moja baada ya gari kuondoka relini. Hakuna aliyeumia.

Sababu yake ni rahisi kuieleza. Katika mifumo mingi ya ishara, mkondo mdogo wa umeme hupitishwa ndani ya vyuma viwili vya reli. Treni inapofika, magurudumu na ekseli zake huunganisha vyuma hivyo, na mfumo hutambua kuwa treni ipo. Siku ile tabaka la uchafu lilikuwa limejijenga juu ya reli. Magurudumu hayakugusana vema na chuma, mfumo ukadhani kwamba treni imekwisha kupita, na vizuizi vikafunguka. Treni ilikuwa mpya, nzuri na ya gharama kubwa. Lakini reli chini yake haikuwa ikiiona.

Kwetu, SGR imezungushiwa uzio, na watu na magari huvuka kwa madaraja na njia za chini. Reli ya zamani haiko hivyo. Vivuko vyake vingi ni vya wazi, na ulinzi wake ni kibao, honi ya treni na macho ya mvukaji. Huvuka hapo wanafunzi, bodaboda, mikokoteni na makundi ya ng'ombe. Sasa tazama hesabu ifuatayo. Treni iendayo kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Iendayo kilomita 160 kwa saa husafiri karibu mita 44 kila sekunde. Mama mwenye mzigo kichwani akihitaji sekunde nane kuvuka, treni ya kwanza itakuwa imesogea mita 112, na ya pili mita zaidi ya 350. Mvukaji aliyezoea kupima kwa jicho umbali wa treni ya polepole atakosea vibaya siku ya kwanza ya treni ya kasi, na hatapata nafasi ya kujirekebisha.

Kwa sababu hiyo, mradi wowote wa kuongeza kasi kwenye njia ya tawi uanze na orodha ya vivuko, kimoja kimoja, pamoja na idadi ya wanaovuka. Vivuko visivyo rasmi navyo viandikwe, kwa kuwa watu hupita huko hata kama ramani haivijui. Orodha hiyo ni wakazi wa vijiji wanaoweza kuitoa kwa usahihi.

Mfano wa pili: Nairobi

Jirani zetu Wakenya wana SGR kati ya Mombasa na Nairobi, iliyozinduliwa mwishoni mwa Mei 2017, ambayo huendeshwa kwa dizeli. Stesheni yake kuu ya Nairobi iko Syokimau, nje ya katikati ya jiji, ilhali njia za tawi za jiji ni za reli ya zamani ya milimita 1,000. Kama ilivyo Ruvu, treni ya SGR haiwezi kuendelea.

Mwaka 2020 Kenya ilileta treni ndogo za dizeli 11 zilizokwisha kutumika katika kisiwa cha Mallorca, Hispania, ambako nako reli ina upana wa milimita 1,000. Treni za aina hii hazivutwi na kichwa. Injini zimo ndani ya mabehewa yenyewe, na treni huweza kugeuza mwelekeo bila kubadilisha kichwa. Kazi yake mojawapo ni kuwachukua abiria wa SGR kuwapeleka katikati ya jiji, na kuwaleta.

Kenya haikutafuta treni moja ya kupita kwenye reli zote. Ilitafuta namna ya kumhamisha abiria kutoka treni moja hadi nyingine kwa utaratibu. Ufumbuzi huo una masharti yake: ratiba mbili zipangwe kwa kutazamana, umbali wa kutembea uwe mfupi, na treni ndogo imsubiri abiria iwapo treni kubwa imechelewa. Yakikosekana hayo, abiria ataachwa jukwaani na mizigo yake, na kesho atapanda basi.

Mkazi wa Bagamoyo afikirie mfano huo kwa makini. Kutoka Makofia hadi Mlandizi kuna barabara ya takribani kilomita 37, na ndiyo njia iliyonyooka ya kutoka mji wetu kwenda upande wa reli. Usafiri wa abiria wenye saa zinazoeleweka kwenye barabara hiyo, unaolingana na saa za treni, ungemfaa mkazi wa leo kabla ya tawi lolote la reli.

Kasi si kitu pekee

Tuchukue njia ya tawi ya kubuni yenye urefu wa kilomita 60 na vituo vitano vya katikati. Treni ikienda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, mwendo wenyewe utachukua dakika 60. Ikisimama dakika tatu katika kila kituo, zitaongezeka dakika 15. Jumla ni dakika 75.

Sasa tuna njia mbili za kupunguza dakika kumi. Ya kwanza ni kuongeza mwendo wa wastani kutoka kilomita 60 hadi 72 kwa saa, ili safari ichukue dakika 50 badala ya 60. Hilo lahitaji treni yenye nguvu zaidi na, mara nyingi, mataruma mapya, kokoto mpya na madaraja yaliyoimarishwa. Ya pili ni kupunguza muda wa kusimama kutoka dakika tatu hadi moja. Dakika mbili mara vituo vitano ni dakika kumi zilezile. Hilo lahitaji jukwaa lililo sawa na sakafu ya behewa, milango mipana, na tiketi inayokatwa kabla ya kupanda.

Zile treni za mashariki ya Uingereza zilifanya hivyo: sakafu yake iko chini, na kidaraja kidogo hujitokeza mlangoni kuziba pengo kati ya behewa na jukwaa. Mzee, mama mjamzito, mtu mwenye kiti cha magurudumu na mchuuzi mwenye tenga la samaki au mananasi ya Kiwangwa huingia bila kupanda ngazi. Jukwaa zuri ni haki ya mnyonge, na papo hapo huokoa muda wa kila abiria.

Tofauti hiyo ya vituo ndiyo inayoeleza pia umuhimu wa kuongeza mwendo upesi. Treni zetu zilizopewa na wananchi jina la Mchongoko, zilizotengenezwa Korea Kusini na kuanza safari tarehe 1 Novemba 2024, zina mota zilizogawanywa kwenye mabehewa badala ya kuwa kwenye kichwa kimoja. Mpangilio huo husaidia treni kuondoka kituoni kwa wepesi. Kwenye tawi lenye vituo vya karibukaribu, wepesi wa kuondoka una manufaa kuliko kasi ya juu ambayo treni haitaifikia kabla ya kuanza kufunga breki tena.

Maswali ya kuuliza mradi ukiletwa mezani

Mazungumzo kuhusu reli kufika Bagamoyo si mapya. Mpango wa bandari uliotiwa saini mwaka 2013 uliambatana na wazo la kuiunganisha na Reli ya Kati. Mawazo kama hayo yanaweza kurudi, na yanaporudi hupita katika vikao vyetu: mkutano wa mtaa, mkutano mkuu wa kijiji ambao kisheria hukutana kila miezi mitatu, na Kamati ya Maendeleo ya Kata chini ya uenyekiti wa diwani. Mkazi aliyejiandaa aulize yafuatayo:

1. Upana wa njia ni upi? Treni itaingia njia kuu moja kwa moja, au abiria atabadilisha treni?
2. Ni sehemu gani ya safari itakuwa chini ya waya, na nguvu ya treni nje ya waya ni kiasi gani?
3. Vivuko ni vingapi, na kila kimoja kitalindwa vipi?
4. Jukwaa litalingana na sakafu ya behewa?
5. Treni zitakuwa ngapi kwa siku, na ya kwanza itafika saa ngapi? Treni nzuri ipitayo mara mbili kwa wiki haimfai mfanyakazi wala mwanafunzi.
6. Karakana ya matengenezo itakuwa wapi, na vipuri vitatoka wapi?
7. Ni takwimu gani zitatangazwa kwa umma?

Swali la mwisho lisidharauliwe. Ufanisi wa treni hupimwa kwa mambo machache yanayohesabika: treni ngapi zilifika kwa wakati, ngapi zilifutwa, na treni ilisafiri kilomita ngapi kati ya hitilafu moja na nyingine. Pasipo takwimu, mazungumzo ya mkutano huwa ni ya sifa na lawama tu. Msimamizi wa usafiri wa reli kwa upande wa leseni, nauli na usalama ni Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), na mkazi ana haki ya kupeleka hoja yake huko.

Wajibu wetu wa sasa

Yako mambo ambayo hayasubiri mradi. La kwanza ni hifadhi ya reli. Kwa kawaida eneo hilo ni mita 15 kila upande maeneo ya mijini na mita 30 maeneo ya vijijini. Anayenunua kiwanja karibu na reli apime kabla ya kulipa, na mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa asishuhudie mauziano ya ardhi iliyo ndani ya hifadhi. Nyumba iliyojengwa humo huwekewa alama ya kubomolewa, na hasara humwangukia aliyenunua kwa nia njema, wakati aliyeuza amekwisha ondoka.

La pili ni mitaro na makalvati. Mvua za masika huijaribu reli kuliko uzito wa treni. Taka zinazotupwa kwenye makalvati huzuia maji, maji hula tuta, na tuta likiliwa njia hufungwa. La tatu ni watoto. Wafundishwe kwamba reli si uwanja wa michezo wala njia ya mkato, na kwamba treni ya umeme haina mngurumo wa kuwaonya kutoka mbali kama ile waliyoizoea.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Taja kivuko cha reli au cha barabara kuu kinachotumiwa na watoto wa kata yako. Je, kimeandikwa popote?
2. Ikiwa fedha zinatosha kwa jambo moja tu, kata yako ingechagua nini: treni yenye kasi zaidi, jukwaa zuri zaidi, au usafiri wa uhakika kutoka nyumbani hadi stesheni? Eleza sababu.
3. Kwa muda wa wiki moja, kikundi kihesabu safari za wakazi kwenda Mlandizi, Chalinze na Dar es Salaam: wanaondoka saa ngapi, na mzigo gani, kwa nauli kiasi gani. Matokeo yawasilishwe kwa mtendaji wa kata.

Hesabu hiyo ya tatu ndiyo yenye uzito kuliko yote. Mpangaji wa reli hutafuta idadi ya abiria kabla ya kuchora njia, na kata yenye idadi iliyoandikwa husikilizwa kabla ya kata yenye malalamiko peke yake.